Barua kwa mwanangu: msuli unapocheza

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Juzi saa nane usiku ulinipigia ukaniuliza: "Mama, wewe umekuwa muuguzi, niambie kweli, nina ule ugonjwa wa neva?" Ni mara ya nne mwezi huu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jibu la simu halikai kwako. Nikikwambia huna, unalala; kesho kigimbi kikicheza, swali linaanza upya.

Nianze na huo msuli. Bibi yako kope ikimcheza alisema mgeni yuko njiani, akaongeza mchele sufuriani. Wewe kope ikicheza unaingia kwenye simu, na simu inakuletea ALS, huo ugonjwa wa neva unaouogopa. Misuli huwacheza watu wengi wazima wa afya: wakikosa usingizi, wakizidisha kahawa au vile vinywaji vya kuongeza nguvu, wakichoka, wakiwa na hofu. Mwisho wa mwezi, unapofunga mahesabu ofisini, yote hayo unakuwa nayo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 121 waliokuwa wakichezwa na misuli bila kasoro nyingine. Waliwafuatilia kwa miaka. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo.

ALS huua seli za neva zinazoiamrisha misuli, na kinachowapeleka wengi hospitali ni udhaifu: kifungo cha shati kinawashinda, mguu unaburura kandambili, ulimi unakuwa mzito. Ulinitajia Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliyeambiwa mwaka 1963 kuwa anao, akiwa na miaka 21. Ni kweli, ingawa wengi huupata wakishavuka hamsini. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kujikwaa na kuanguka. Wewe maji yalipokatika ulipandisha ndoo mpaka ghorofa ya nne, kisha ukaja kuniambia mguu umeisha nguvu.

Najua hofu hii ilikotoka. Tangu tumzike mjomba wako, ambaye baada ya kiharusi ulikuwa ukimlisha kwa kijiko, hukupata nafasi hata ya kulia vizuri. Ulirudi kazini siku ya nne.

Na mimi yamenipata. Nilipokuwa bado mgeni wodini nilimuuguza binti wa rika langu mwenye uvimbe kwenye ubongo. Alipofariki, kichwa kikaanza kuniuma. Kila nikipita kwenye kioo naangalia mboni. Usiku namwamsha marehemu baba yako: "Tazama, zinalingana?" Maskini, anawasha taa, anatazama, anasema zinalingana. Nilikuwa natulia kama saa moja hivi. Baadaye ikawa nusu saa. Daktari mmoja wa wodi alinipima, hakuona kitu, akaniambia: "Sasa kioo usikiangalie wiki nzima, na mumeo asikujibu." Siku tatu za mwanzo nilitetemeka. Kichwa kiliniuma kuliko kawaida. Ya tano nilisahau kuangalia, nikakumbuka usiku nikiwa kitandani.

Ndiyo maana nakuomba uache kujipima. Kusimama kwa vidole kila asubuhi, kusimama kwa visigino, kuminya kigimbi, kurudiarudia maneno usikie kama ulimi unateleza. Msuli unaopimwa mara ishirini kwa siku utauma na utachoka, na wewe utauhesabu uchovu huo kuwa dalili. Miguu miwili hailingani kwa mtu yeyote.

Nenda kwa daktari mmoja, mchana, ukiwa umekula. Mweleze yote, hata la mjomba. Atakugonga goti kwa kile kinyundo, atapima nguvu zako kwa mikono yake. Akiona haja atakuelekeza kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Akisema uko sawa, usitafute wa pili na wa tatu. Siku mkono ukianza kudondosha vikombe au mguu ukiburura kweli, hapo rudi haraka bila kungoja. Na hofu ikigoma kuondoka, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Mtu huzungumzishwa, hufundishwa namna ya kukaa na wasiwasi bila kuutii. Usione haya, hofu yako ni ugonjwa unaotibika, na unakutesa kweli.

Mimi swali lile sitalijibu tena, mwanangu. Usiku piga, nitapokea hata iwe saa kumi. Tutazungumza habari za mjomba wako, tulie kama tunataka kulia. Lakini ukiniuliza unao au huna, nitakuuliza umekula nini.

Jumamosi panda gari la Tandika uje tupike pamoja. Uje na tepu yangu ya cherehani uliyoichukua siku ya Idi ukapimie vigimbi. Nina gauni la mteja, na bila hiyo tepu nakisia tu.

Wassalaam,
Mama yako