Mkahawa na baa katikati ya mji: nianze wapi?

SWALI: Nina jengo la zamani la maduka karibu na Moi Avenue, Mombasa. Jioni ikiingia mtaa unakufa. Nitawapataje wapangaji wa mkahawa na baa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwanza pima umbali. Sheria ya Kenya ya vileo ya mwaka 2010 hairuhusu baa ndani ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi au sekondari. Ukiwa na shule jirani, tafuta mkahawa tu. Hata ukiruhusiwa, baa ya kawaida siku za kazi huuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, kwa hiyo mchana nafasi yake itabaki tupu.

Kinachowakimbiza wapangaji wazuri ni jiko. Majengo ya maduka hayana dohani wala mfereji wa kuhimili mafuta. Jenga dohani ipande juu ya paa, la sivyo moshi utaingia kwa majirani na malalamiko yatafunga biashara. Maji ya sinki yapitie kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya chemba. Kisafishwe kabla mafuta na mashapo hayajafika robo ya kina, kwani yakizidi hapo huvuja na kuganda bombani. Mitungi ya gesi ikae nje, wima, kamwe isiwe chini ya ardhi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama.

Kodi ya miezi ya mwanzo iwe nafuu, ipande kwa hatua zilizoandikwa mkatabani. Na zungumza na wenye majengo jirani. Mkahawa mmoja kwenye mtaa wenye giza hupata tabu sana; mitatu iliyokaribiana, yenye taa nje, huvutia familia.