Ukihifadhi uso wa MATLAB, usitume koefisienti peke yake

"Kaka, hii alama yako iko juu kuliko ndege." Ndivyo alivyoniambia mpima ardhi mwenzangu kwenye simu, na hakuwa anatania. Nilikuwa nimempa mlinganyo wa uso (tabaka la hesabu linalopitishwa kwenye nukta zilizopimwa) wa kusahihisha vimo vya GPS viendane na usawa wa bahari, kazi ya upande wa Dar es Salaam. Akauingiza kwenye Excel, akapata makumi ya kilomita.

Uso wenyewe haukuwa na tatizo. Niliharibu wakati wa kuuhifadhi.

Nilikuwa nimeandika kwenye MATLAB, programu ya hesabu, `[uso, ubora] = fit([x y], z, 'poly22')`, kisha koefisienti zake sita, yaani namba za mlinganyo wenyewe, nikazipeleka kwenye faili la maandishi kwa fprintf yenye `%f`. Hiyo huishia desimali sita. Koefisienti ya y mraba ilikuwa kama 0.000000001, ikaandikwa 0.000000. Utasema si kitu. Lakini y ni namba ya kaskazini ya UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita, na hapa Dar ni kama 9,248,000. Ipige kwa yenyewe upate zaidi ya trilioni 85, na ile "sifuri" inabeba mita 85,000! Andika kwa `%.17g`, namba itarudi kama ilivyokuwa.

Nikarekebisha, nikatumbukia shimo la pili. MATLAB ilikuwa inalalamika kuhusu ukubwa wa namba hizo, nikawasha `'Normalize','on'`. Koefisienti zikatoka za kupendeza, nikazituma, na majibu yakawa upuuzi vilevile. Ukiwasha hiyo, kila x na y hutolewa wastani wake kisha hugawanywa kwa std yake (mkengeuko sanifu) kabla uso haujapitishwa. Bila namba hizo nne, mwenzako hana anachoweza kukokotoa. Siku hizi hesabu hiyo naifanya mwenyewe kwanza, `u = (x - xw)/xs` na y vivyo hivyo, halafu napitisha uso na kuhifadhi vyote pamoja:

`save('uso.mat','uso','ubora','xw','xs','yw','ys')`

Usiuache `ubora`, ndimo ilimo rmse, kipimo cha ukubwa wa makosa ya uso, na mteja ataiuliza tu.

Faili la .mat linatosha kwako, si kwa kila mtu. Mwenye MATLAB isiyo na Curve Fitting Toolbox, nyongeza yenye `fit`, hataweza kuutumia uso huo, ndiyo maana la maandishi bado nalitoa. Kama uso ni wa lowess, unaolainishwa kipande kwa kipande, hakuna mlinganyo mfupi wa kumpa mtu: kokotoa thamani kwenye gridi, toa kwa `writematrix`.

Chini ya koefisienti huwa naweka nukta tatu za majaribio pamoja na majibu yake. Mwenzangu yule huanza na hizo, na tangu hapo simu zake za jioni ni za mpira.