Mumeo hakunyimi mtoto

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Lindi na mume wangu, na bado hatujajaliwa mtoto. Miezi 14 iliyopita nilipandikizwa figo ya kaka yangu pale Muhimbili. Sasa najisikia mzima kabisa, lakini mume wangu hataki kusikia habari za mimba, ingawa nimemsomea habari za Edith Helm wa Marekani, aliyejifungua mwaka 1958 akiwa na figo ya kupandikizwa. Mwezi ule niliolazwa aliuza shamba letu la mikorosho bila kunishirikisha, nami nahisi anajiandalia mke wa pili. Mama yake naye hunisimanga kila jioni, "Umemeza dawa wewe?" Shoga yangu kaniambia kimoja kati ya vidonge vyangu huharibu mimba, nikakiacha. Je, nikishika mimba sasa hivi, atanifanya nini? — Mwenye Kiu, Lindi*

Marahaba, mwanangu. Kiu ya mtoto naijua, na katika nchi yetu hii ya unyago, ambako mwali hufundwa mambo ya uzazi akiwa bado binti mdogo, mwanamke asiye na mtoto huulizwa maswali hata msibani. Pole sana. Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara niliyemhurumia ni mumeo.

Mwanamume anayetafuta mke wa pili hauzi mikorosho. Huingoja izae, msimu wa Oktoba ukifika apeleke mahari. Huyu wako ameuza shamba mwezi ambao wewe ulikuwa kitandani, nawe hujajiuliza zile fedha zilikwenda wapi. Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia, na huyu amepalilia hadi akabaki bila shamba. Ama mama mkwe anayeuliza kila jioni kama umemeza dawa, hayo wewe unayaita masimango. Mimi wakwe wa namna hiyo nimewaona wachache.

Sasa tuje kwa shoga yako, ambaye amekuambia nusu ya ukweli. Iwapo kidonge ulichoacha ni maikofenoleti, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, ni kweli kwamba kinaweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa na kasoro za masikio na mdomo, na ndiyo maana madaktari hukiondoa angalau wiki 6 kabla ya mwanamke kuanza kutafuta ujauzito. Lakini wao hukiondoa huku wakiweka kingine mahali pake, kwa kawaida azathiopirini, kisha hupima damu tena na tena kuhakikisha figo haijatikisika. Wewe umekiondoa ukaacha pengo, na mwili wako, ambao haujawahi kukubali kwamba figo ile ni yako, unaweza kuanza kuishambulia bila wewe kuhisi maumivu yoyote. Tena kama unameza dawa ya presha ya jamii ya enalaprili au losartani, nayo humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa. Hilo naona shoga yako hakulijua.

Huyo Edith Helm unayemtumia kumsuta mumeo alipewa figo na pacha wake wa kufanana, hivyo mwili wake haukuwa na sababu ya kuikataa wala hakuhitaji vidonge vya kuilinda. Kaka yako si pacha wako.

Sisemi kwamba hutazaa. Wanawake wengi waliopandikizwa figo wamezaa, na zaidi ya 7 katika kila 10 wanaoshika mimba hupata mtoto aliye hai. Hata hivyo, karibu 3 katika kila 10 hupata shinikizo la damu lile linaloelekea kifafa cha mimba, na karibu nusu hujifungua kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo jiandae kulea njiti. Ule mwaka mmoja wa kusubiri baada ya kupandikizwa umekwisha kuupita, ingawa wengine husema miwili. Kilichobaki ni vipimo: kreatinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo, iliyotulia, presha iliyodhibitiwa, mkojo usio na protini nyingi, na figo ambayo haijaonyesha dalili ya kukataliwa. Hayo mumeo hawezi kuyapima chumbani, wala wewe huwezi kuyapima kwa kujisikia mzima.

Nimeliacha swali lako la mwisho makusudi. Mwanamke anayepanga mimba huuliza afanye nini. Wewe umeuliza mumeo atakufanya nini, na hilo ni swali la mwanamke anayehesabu siku. Kama zimepita, kesho asubuhi nenda Hospitali ya Sokoine hapo Lindi ukapimwe, uwaambie waziwazi kwamba una figo ya kupandikizwa, na siku hiyo hiyo uwapigie simu madaktari wako wa Muhimbili uwaeleze kidonge ulichoacha na tangu lini. Hata kama hazijapita, simu hiyo ni ya kesho. Vidonge vingine usiviache kwa hofu, maana mimba bila dawa za kulinda figo ni hatari kuliko mimba pamoja nazo.

Jioni mweleze mumeo yote, na mama yake akiwepo. Kisha mpigie simu kaka yako, ambaye katika barua yako yote amepata maneno matatu tu, naye ana kovu ubavuni kwa ajili yako. Mwambie kidonge umekirudia baada ya daktari kukuelekeza, lakini usimwambie kabla hujafanya hivyo.