Kovu huanza siku ya kwanza: kwa mnaoanza kazi ya kufunga vidonda

Hapa Kisumu hamtakaa wiki bila kumpokea abiria wa bodaboda aliyeungua shavu la mguu kwa ekzosi. Kidonda hakizidi kiganja, basi mwenyewe hukipuuza. Ninyi msikipuuze. Kidonda cha moto kikipitisha wiki 3 bila kufunga, hatari ya kovu nene hupanda sana. Andikeni kwenye kadi tarehe aliyoungua, si tarehe aliyofika kwenu.

Damu huganda kwa dakika chache. Siku 3 au 4 zinazofuata mahali hapo huvimba na kupata joto. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo pimeni kwa mgongo wa mkono. Kisha huota nyama mpya, nyekundu, yenye punjepunje, inayotoka damu ikiguswa kidogo. Hiyo ni nyama nzuri, msiikwangue. Juu yake ngozi hutambaa kutoka kingoni, nayo hutambaa upesi penye unyevunyevu. Kigaga kikavu huichelewesha, na spiriti ya kila siku huua seli changa. Osheni kwa maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa), pakeni vaselini, funikeni kwa shashi. Shashi ikigandamana, iloweshe dakika 5 kwanza. Ukiivuta kavu, utaona vitone vya damu kwenye kingo: umeng'oa ngozi ya jana na juzi.

Nyuzi za usoni hutolewa kama siku ya 5, za mguuni siku ya 10 hadi 14. Mwambieni mgonjwa ukweli: wiki ya 3 kovu lina takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima, na hata likikomaa halipiti 80 hivi. Likivutwavutwa, mwili huongeza kolajeni, yaani protini inayojenga kovu. Ndiyo maana kifua na mabega hutoa makovu manene.

Sasa keloidi, ambapo wageni hukosea zaidi. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya kidonda, na huweza kunywea lenyewe baada ya miezi. Keloidi huvuka mipaka na kuingia ngozi nzima, wakati mwingine miezi mingi baada ya kutoga sikio. Usimwahidi mtu kwamba itakatwa iishe. Ikikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kwa kawaida daktari huchoma sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kunyweza kovu, kila wiki 4 hadi 6. Dawa iingie ndani ya kovu lenyewe. Ikishuka chini yake, mafuta ya mwili yaliyo chini ya ngozi hunywea na kuacha shimo.

Bandiko la silikoni husaidia likivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 hivi, kidonda kikishafunga kabisa. Kwa joto letu hubanduka kwa jasho: lioshwe kila siku, ngozi ikaushwe vizuri kabla ya kulirudisha.

Na kabla ya kumshona yeyote, muulize: wewe au ndugu yako, kuna mwenye kovu lililokua kuliko kidonda chake?