Usimwache mfalme peke yake: viungo vitano vya Gui Zhi Tang

Msomaji ameuliza: kama dawa yenyewe ni mdalasini, kwa nini asichemshe mdalasini mtupu? Ndugu, swali hilo ndilo linaloharibu dawa za Kichina majumbani.

Gui Zhi Tang, dawa ya Kichina ya kuchemshwa kwa mwenye homa, imo katika maandishi ya tabibu Zhang Zhongjing, mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita. Viungo ni vitijiti vya mdalasini wa Kichina (gui zhi), mzizi wa ua la peoni na tangawizi mbichi, kila kimoja liang 3 (liang ni kipimo cha uzito cha Kichina). Urukususu liang 2. Na kunazi nyekundu za Kichina 12. Siku hizi wengi hupima gramu 9, 9, 9 na 6.

Matabibu wa China humwita gui zhi mfalme: hufungua vinyweleo na kuutoa ubaridi. Peoni ni waziri, tena waziri mbishi, kwani huzuia jasho na kulinda majimaji ya mwili. Mgonjwa wa dawa hii ana homa, hapendi upepo na tayari anatoka jasho. Mfalme akiachwa peke yake atamkausha. Tangawizi humwongezea mfalme nguvu na kutuliza kichefuchefu, kunazi humsaidia waziri, urukususu huwapatanisha wote.

Usipime kwa kiganja. Peoni ikifika liang 6 na vingine visiguswe, hiyo ni Gui Zhi Jia Shao Yao Tang, dawa ya maumivu ya tumbo. Viungo ni vilevile, kazi nyingine kabisa.

Tumia chungu cha udongo, si sufuria ya chuma. Katakata vitijiti na tangawizi, pasua kunazi. Tia maji vipimo 7, chemsha kwa moto mdogo mpaka vibaki 3, chuja, kunywa kipimo 1 kikiwa vuguvugu. Baada ya muda mfupi kunywa uji mwembamba wa mchele, wa moto, kisha jifunike kama saa 2. Uji huo watu huuruka, na ndio unaolipa tumbo nguvu ya kutoa jasho. Linalotakiwa ni jasho jepesi mwili mzima. Likitiririka kama maji, umepitiliza na ugonjwa haujatoka. Ukipona kwa kipimo cha kwanza, acha; usimalize chungu kwa uchoyo.

Ganda la mdalasini la sokoni halichukui nafasi ya vitijiti: kwa hesabu ya matabibu hao ganda hupasha joto ndani, halisukumi nje. Na mwenye homa asiyetoka jasho kabisa hapewi dawa hii. Huyo ni wa Ma Huang Tang, dawa nyingine ya Kichina yenye hatari zake.

Urukususu nao hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha, mjamzito au anayetumia dawa za moyo asiuguse kabla ya kumwona daktari. Na huku kwetu, homa ipimwe malaria kwanza, chungu kikiwa bado kabatini.