Bisi za kwenye ndoo: magunzi yana mapengo, punje hazilipuki

Swali: Shikamoo Bwana Shamba. Naishi Minneapolis, sina bustani, nina roshani tu. Majira ya joto yaliyopita nilipanda mahindi ya bisi kwenye ndoo sita za lita 20, shina moja kila ndoo, nikazipanga safu moja ukutani. Mabua yalistawi, lakini magunzi yalitoka na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Punje chache nilizopata nilizikausha kwenye oveni, zikagoma kulipuka. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Mbolea usiilaumu. Mabua yangekuwa ya njano na membamba kama shida ingekuwa hiyo.

Tuanze na mapengo. Kila unywele unaotoka kwenye hindi changa umeungana na punje yake moja. Unywele usipoguswa na chavua, punje yake haipo. Chavua hushuka kutoka kwenye mbelewele, yale maua ya juu ya bua, na husafirishwa na upepo, sasa mashina sita katika safu moja, tena ukutani, nyingi hupotelea barabarani. Safari hii weka mashina matatu kwa ndoo, na ndoo uzipange mbilimbili zikigusana, upate mraba wa mashina 18. (Uliza kwanza kama roshani inabeba: ndoo sita za udongo uliolowa hupita kilo 100.) Halafu usiuachie upepo kazi yote. Asubuhi umande ukikauka, kung'utia mbelewele ndani ya mfuko wa karatasi, unyunyize vumbi lile kwenye nywele. Rudia siku nne au tano.

Wakati huohuo maji yasikose hata siku moja. Mwezi Julai ndoo hukauka kwa siku moja, na mhindi wenye kiu huchelewesha nywele huku mbelewele zikiendelea kumwaga chavua. Zikija kutoka, chavua imekwisha. Mbolea ya naitrojeni tia kidogo mahindi yakifika magotini, na tena kabla ya mbelewele.

Sasa hiyo oveni. Bisi hulipuliwa na maji yaliyomo ndani ya punje: yanageuka mvuke, ganda gumu linauzuia, na joto likifika kama nyuzi 180 za Selsiasi ganda linapasuka kwa kishindo. Punje inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Oveni huumaliza, na joto la ghafla hutia ganda nyufa ambazo huzioni kwa macho. Mvuke unavujia hapo.

Hizo ulizonazo jaribu kuziokoa: vikombe vitatu vya punje na kijiko kikubwa kimoja cha maji kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa mara kwa mara, kaa siku tatu au nne, kisha kaanga chache. Zikigoma tena, ganda limepasuka, wape ndege.

Mwaka huu panda mwishoni mwa Mei, udongo ukishapata joto. Chagua mbegu ya mahindi mafupi yanayokomaa kwa siku zisizozidi 100, kama aina ya Tom Thumb, ili iwahi kabla ya jalidi. Usivune kama ya kuchoma. Subiri maganda ya nje yakauke na punje isiingie ukucha, kisha menya, tundika magunzi ndani penye hewa. Baada ya wiki mbili pukuchua punje kumi, uzikaange. Zikitoka ngumu na za kutafunika kama mpira, bado mbichi. Ongeza wiki, ujaribu tena.