Umeniuliza krediti, nakujibu machungwa

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nimevaa miwani. Chuo kimekubali kukuhesabia krediti 60, vile vipimo vya masomo uliyokwisha soma, za stashahada yako ya uhasibu. Uzichukue uyaruke masomo hayo, au uanze shahada mwanzo na wenzio, msingi ukae sawa?

Mimi nakuuliza: muhtasari wa kila somo unao? Sisemi transkripti, ile karatasi ya alama. Muhtasari, ule unaoonesha mlisoma nini na kwa saa ngapi. Unajua nisemavyo: mtu husahau, karatasi haisahau.

Nilikwenda Dar na cheti changu cha utunzaji wa vitabu vya hesabu, wewe mgongoni. Sketi ya bluu, baba'ko kainyoosha mwenyewe. Yule bwana wa udahili akakitazama cheti, akanirudishia kwa vidole viwili kama samaki aliyelala. "Masomo haya hatuyajui, mama. Anza mwanzo." Mimi! Niliyekuwa nafunga hesabu za ghala la mkonge kila mwisho wa mwezi, robota kwa robota, nikafundishwe debiti inakaa upande gani? Nikapanda basi. Segera nikanunua machungwa sita. Nilifika nayo nyumbani Ngamiani, Tanga, yote sita.

Sikuanza mwanzo. Baba'ko alisema miaka mitatu itapita tu, usome usisome. Imepita mara nane sasa.

Kwa hiyo chukua, si ndiyo? Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, kila krediti saa 10 za kusoma. Hizo 60 ni saa 600 za ujana wako, ushazitoa. Deni halilipwi mara mbili.

Lakini ngoja. Kodi ya mapato nilikuwa siijui, na hilo yule bwana hakukosea, ingawa vidole vile sitamsamehe. Na wewe uhasibu wa gharama uliupita kwa mbinde. Nani alinipigia simu usiku wa manane analia? Somo ulilolikimbia litakungoja mwaka wa pili kwa jina jingine. Ila saa 600, mwanangu! Hapo ndipo ninapochoka.

Jibu ninalo, liko ncha ya ulimi. Baba'ko kanikataza, amekaa hapa anatazama kalamu.

Sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi yako nimelifungua leo asubuhi. Mihtasari yako imo, nimeihesabu. Wa uhasibu wa gharama haumo. Nenda kauombe kule ulikosoma, Jumatatu, wakupigie na muhuri.